Pikapu Niliyoikataa

Jumamosi iliyopita, ndugu yangu, gari langu lilizima kwenye kilima cha kupanda Akheri, nyumbani kwetu. Halijamaliza hata miaka miwili mkononi mwangu. Taa ya injini iliwaka, basi, ikawa ndiyo mwisho. Fundi wangu wa Kimandolu akaniambia kwenye simu kuwa ni sensa ya injini, kile kifaa cha kuhisi hitilafu, nisiguse kitu mpaka aje na mashine ya kupimia. Yaani mimi, mpenda magari tangu utotoni, nafungua boneti nakutana na mfuniko wa plastiki. Hivi wanatuuzia nini hawa watu?

Na nilikuwa nakwenda kumwomba mdogo wangu wa kike aniuzie pikapu yake. Ikabidi nimpigie aje nayo anivute. Niliposikia muungurumo wake kabla hajatokeza kwenye kona, wivu ulinishika.

Pikapu hiyo ilikuwa ya jirani yetu, mkulima wa kahawa. Betri yake ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo aliiegesha kwenye mteremko na kuweka jiwe chini ya tairi. Siku ya soko la Tengeru, tukishapakia mikungu ya ndizi, alichagua mtoto mmoja wa kuondoa jiwe, na huyo ndiye aliyekaa mbele. Gari lilianza kuteremka kimya, likinuka utomvu wa ndizi na petroli, kisha injini ikakohoa na kushika.

Mara nyingi alichaguliwa mdogo wangu. Jirani alisema huyu ana masikio. Na kweli, alikuwa akiisikiliza injini halafu anasema, “Babu, plagi moja haichomi.” Mimi nilibaki uani na bakuli la loshoro, mtindi na mahindi, nikiwatazama kwa kijicho.

Jirani alipozeeka aliniita. “Wewe ndiye mkubwa. Ichukue.” Nikacheka. Gari la kuwashwa kwa kuondoa jiwe? Nilikuwa nimeshaagiza langu, linang'aa, lina kamera ya nyuma. Akampa mdogo wangu.

Tangu hapo nimebadilisha magari matatu, yote ya kuvutia macho, yote yamenimaliza kwa mafundi. Siku hizi kitu hakitengenezwi, kinabadilishwa tu. Yeye ile pikapu anaifungua mwenyewe, spana mbili na kitambaa, na kila wiki inafika Tengeru. Namwonea wivu, sifichi.

“Tubadilishane,” nilimwambia tukifunga kamba, nikijifanya natania.

Hakucheka. “Kaka, mzee alijua tangu mwanzo kwamba mimi ndiye ninayeliweza hili gari. Alikupa wewe kwanza ili uwe na kitu cha kukurudisha nyumbani.”

Akakaza fundo, akapanda, akaondoa gari taratibu. Nami nikashika usukani wa gari lililokufa, nikavutwa hadi Akheri, kwa mara ya kwanza tangu tumzike yule mzee jirani.