Samaki Niliowaleta Kufuturisha Watu

Mwaka wa sabini na tatu, nikiwa na miaka kumi na tisa, baba alikufa kule Kasenga, upande wa Congo, na njaa ikanivusha mpaka hadi Kashikishi, kando ya ziwa. Shule niliionja tu. Nilichonacho nimekivua mwenyewe, na kingine, mwanangu, afadhali ningekiacha majini.

Nakumbuka jioni moja ya Ramadhani. Waislamu tulikuwa wachache, mkeka mmoja ulitutosha. Zamu ya kufuturisha ilikuwa yangu, na nilitaka wajue mgeni huyu ni mwanaume. Niliingia kwenye matete ya ghuba yetu, wanamozalia samaki, nikatega wavu, nikatumpula, yaani nikapiga maji kwa rungu mpaka samaki wakakimbilia wavuni. Wavuvi wenyeji walinikataza. Nikawajibu: bakini na makasia yenu, mimi nitanunua motere, injini ya mtumbwi.

Nikamwaga karai zima la mpale, samaki wa jamii ya perege, mbele ya Mwalimu, mzee muuza chumvi aliyetusalisha. Akachukua mmoja, akampanua kinywa. Vitoto vikamwagika, vingine vikirukaruka bado.

"We mutoto, hawa ulitoa wapi?"

"Ku matete, Mwalimu. Mimi siogope kazi!"

"Huyu mama anabeba batoto mu kinywa, hakule kitu mpaka bakomae. Alifunga kuliko weye. Sasa sisi tufungue na yeye?"

"Mwanaume wa kupiga wazazi na rungu!" akadakia mkewe. Watu wakacheka.

Wakafuturu kwa maji na bukari, ugali mtupu. Samaki hawakutupwa, maana kutupa nako ni dhambi. Nilitumwa niwapelekee walewale walionikataza.

Kabla sijaondoka, Mwalimu akaninong'oneza: "Motere nunua, Mungu hakukatazi mali. Lakini ziwa ni amana. Kula mavuno, usikule mbegu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Wiki ile ile nilirudi kwenye matete, kwa hasira tu, na vijana wakaniiga. Ghuba ile ukitega leo, unavuta majani.

Basi jenga, mwanangu, vua, tajirika. Ila msimu wa kuzaa uyaache matete yapumue, hata kama jirani yako haachi. Usiseme nikiacha mimi atachukua yeye. Ndivyo nilivyosema mimi.

Leo nina nyumba ya mabati, motere mbili, mbuzi, shamba la muhogo, na msikiti wa matofali niliousimamisha nikidhani utanifutia aibu. Ghuba yenye samaki ya kukuachia sina. Mungu akujalie riziki pana, na mkono unaojua kuachia.