Inyamanza wa Uwanja Mpya

Ndege akikimbia juu ya bati, kama mtu anayedondosha punje za mahindi mojamoja, mimi huacha kazi nikaenda dirishani. Mara nyingi huwa ni yeye: mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mkia ukipanda na kushuka. Kwetu Kibondo tulimwita inyamanza, na hakuna mtoto aliyethubutu kumrushia jiwe. Alikuwa ndege wa nyumba. Uwanja ambao hajaukanyaga ulikuwa bado si maskani ya mtu.

Nilianza kumchunguza miaka ya sabini, tulipohamishwa kutoka shambani kwetu upande wa Murungu kwenda kijiji kipya kando ya barabara. Nyumba zilipangwa mstari mmoja, mti hata mmoja hakuna. Bibi, mama yake baba, alifika akakalia mzigo wake, akakataa kuufungua.

“Inyamanza akija, nitafungua. Asipokuja, narudi kwangu.”

“Mama, kule wamebaki nyani tu,” baba akamwambia.

“Nyani nawajua. Hawa majirani zako siwajui.”

Baba alicheka, lakini jioni nilimsikia akimwambia mama kwamba peke yake kule, na miguu ile, Bibi hatamaliza masika. Nikaamua kumtafuta huyo ndege.

Nilimwaga ulezi kidogo uwanjani. Wakaja shomoro na kwelea, wakala, wakagombana, wakaondoka. Nikaweka maji kwenye kigae cha chungu, wakanywa njiwa. Inyamanza hakuonekana.

“Usijisumbue,” Bibi alisema. “Huyo haitwi. Huja mwenyewe.”

Nilimkuta ndege huyo mtoni, mahali wanawake walipoloweka mihogo. Nikalala kifudifudi kwenye majani, nikamtazama hadi viwiko vikauma. Aliziruka chembe za mihogo zilizomwagika bila kuzitazama, akawakimbilia nzi juu ya mawe na kuwadona. Sikuwahi kusikia mtu akisema anakula nini. Tulimheshimu mno hata hatukuuliza.

Nyumbani, Bibi alikuwa akifagia uwanja kila alfajiri mpaka hata sisimizi akose pa kupita.

“Bibi, usifagie.”

“Mgeni apokelewe kwenye uchafu?”

“Anakula nzi. Nimemwona mwenyewe.”

Mimi nikaenda kwa jirani aliyekuwa akikamua ndizi za pombe, nikaomba machicha, nikayarundika pembeni mwa uwanja. Kesho yake yalinuka uchachu uliopenya hadi ndani, nzi wakajaa, na mama akauliza ni nani ametuletea balaa hilo. Bibi ndiye aliyemnyamazisha. Kisha akachukua ufagio wake, akauchomeka juu kwenye nyasi za paa, mahali nisipoufikia mimi, akamkataza mama kuugusa.

Zikapita asubuhi kadhaa. Siku moja, umande ungali chini, inyamanza akatua karibu na rundo, akakimbia hatua chache, akasimama, mkia hautulii. Bibi alikuwa mlangoni. Aliingia ndani, na baada ya kitambo nikasikia vyungu vikitolewa kwenye mzigo.

Kwa miaka mingi nilijisifu kimoyomoyo kwamba nilimbakisha Bibi kwa kumtazama ndege vizuri. Nikiwa mtu mzima, nina wajukuu wangu, ndipo nilipotambua kwamba ndege aliyevutwa kwa machicha, kwa desturi yetu, hakuwa ishara ya chochote. Bibi aliijua desturi hiyo kuliko sisi sote. Hata hivyo alimkubali.