Mwalimu Aliyeogopa Kuuliza Mara ya Pili

Mwalimu mmoja wa fizikia, mgane, mpole wa aina ile ya kukiomba kiti radhi akikigonga, alimpenda fundi cherehani wa mtaa wa pili. Siku moja akajikaza, akamwambia waoane. Fundi, macho kwenye mshono, akajibu: "Tutaona."

Miezi ikapita, mwalimu kimya, tena na raha zake. Dada yake akachoka.

"Kaka, kamuulize tena!"

"Niharibu mambo? Sikiliza, dada. Kuna chembe ndogo mno. Kabla hujaipima, huwezi kusema iko huku wala kule. Si kwamba imejificha, bado haina mahali. Kipimo ndicho kinachoipa. Na maneno ni hivyohivyo: maana haikai ndani ya neno kama karanga kwenye ganda, inakuja watu wakisemezana, huyu akiuliza, yule akijibu. Kwa sasa 'tutaona' yake ni ndiyo na ni hapana kwa pamoja. Nikiuliza, nitabaki na moja tu."

"Kwa hiyo wewe umeoa nusu?"

"Afadhali nusu."

"Woga huo, kaka, umeuvalisha miwani. Haya, mwenzio anafunga duka, anahamia kwa mwanawe."

Mwalimu hata chai hakumaliza. Akafika dukani akijifanya anataka suruali. Fundi akamzungushia futi kiunoni.

"Achia tumbo, Mwalimu. Ukilibana hivyo nitamshonea mtu mwingine."

Akaliachia. Halafu, kwa uoga wake, akaanzia pembeni: "Eti unahama?"

"Nahama."

Akaaga, akatoka bila hata kupimwa urefu. Alipofika barazani, akili ikamrudia. Kila mwaka anawaimbia wanafunzi kwamba kipimo hujibu ulichokiuliza tu, leo yeye ameuliza habari za mizigo, kisha anaondoka na jibu la ndoa! Akarudi mbiombio.

"Fundi, utakubali nikuoe?"

Fundi akaitundika futi shingoni. "Ulipouliza mara ya kwanza, nilikuwa sijui."

"Na baadaye?"

"Sikujua pia. Ningejuaje, na mwenyewe umenyamaza kama umemeza kufuli? Ukipita hapa, ni hali ya hewa tu!"

"Na sasa?"

"Sasa umeuliza," fundi akasema, cheko likimtoka, "na ndiyo imekuja. Huyo mwanangu atanisubiri sana."