Jiwe la Doto

Mwezi uliopita, mkanda wa kupimia presha ulipoanza kujaa upepo kwenye mkono wangu, nilisikia harufu ya maziwa ya unga. Maziwa hayakuwepo. Pale zahanati kulikuwa na dawa ya kusafishia sakafu, wazee waliojikunyata ndani ya makoti, na nje ile mvua nyembamba ya huku kwetu milimani, juu ya mji wa Soni, isiyonyesha wala kukatika. Lakini harufu ilikuja, rafiki yangu, na nyuma yake ikaja shule yetu ya kuta za udongo, na benchi refu lililojaa masweta.

Nikueleze kwanza tulifuata nini. Mimi ni pacha. Ndugu yangu yu hai, na tunafanana kiasi kwamba wajukuu wangu walipokuwa wadogo walimkimbilia yeye kudai pipi nilizowaahidi mimi. Watafiti walikuja kutafuta mapacha wa milimani, wakapita msikitini na kanisani kutangaza. Nesi, binti mdogo mwenye maneno mengi, alitueleza kwa upole: mapacha kama sisi wametoka kwenye yai moja, urithi wao ni mmoja. Mapacha wasiofanana ni kama ndugu wengine tu. Kwa hiyo ukiwapima wote, presha na mafuta ya damu na mwendo wa moyo, unaweza kukisia kipi mtu alizaliwa nacho na kipi amekitafuta mwenyewe. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilikuwa nimeanza kuogopa.

Tulilelewa na bibi. Majina yetu ya ubatizo hakuna aliyeyatumia, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa mtu wa kutoka kanda ya Ziwa, akatuita kama kwao wanavyowaita mapacha: mimi niliyetangulia Kulwa, na mwenzangu Doto. Jina lilishika hadi leo. Hata hivyo mwalimu hakuweza kututofautisha. Bibi, aliyejifunza kufuma kwa akina mama wa kanisani, ndiye aliyemwokoa. Alinifumia mimi sweta la bluu, Doto la kijani. Yakichakaa alifuma mengine, rangi zile zile. Wenzetu hawakujua nyuso zetu, walijua masweta.

Utoto wetu ulikuwa na ukungu mwingi na njaa ya kawaida. Asubuhi mmoja wetu alitangulia shambani kufukuza ngedere kwenye mahindi, akipiga debe kwa fimbo mpaka masikio yazibe, halafu anateremka mbio kuwahi kengele. Mchana tulikula bada, ugali wetu wa muhogo, na mboga za majani, na mapeasi yaliyodondoka, yale yenye jeraha upande mmoja, ambayo bibi aliyakata kwa kisu akala yeye sehemu mbovu. Jioni kila mtoto alibeba: maji, kuni, majani ya ng'ombe. Huku mteremko ni mkali, na mtoto hupimwa kwa mzigo. Wazee hawakuuliza unasoma vipi. Waliuliza siku hizi unabeba nini.

Daktari wa kupima watoto wa shule alikuja kwa Landrova tukiwa darasa la nne. Siku hiyo zamu ya ngedere ilikuwa yangu. Nilichelewa, nikateremka na kupanda ule mlima wa shule bila kusimama, nikafika mwisho wa foleni nikihema, nyuma ya Doto. Tulivua masweta tukayaweka kwenye benchi. Daktari alisikiliza kifua cha Doto, akaguna, akamsukuma taratibu aende. Alipofika kwangu alisikiliza, akasikiliza tena, akageuza kile kifaa chake na kusikiliza mgongoni. Msaidizi wake aliandika kadi moja moja na kuibana kwa pini kwenye sweta la kila mtoto. Masweta yangebaki kwenye benchi mpaka mwalimu aje kujaza majina, kwa kutazama rangi. Kwenye sweta langu la bluu ilibanwa kadi yenye mstari wa penseli nyekundu.

Mkubwa mmoja wa darasa la saba alikuwa akizunguka pale. Alituambia wenye nyekundu wataingizwa kwenye Landrova wakapasuliwe kifua, na kwamba daktari amebeba kisu kwenye lile sanduku.

Doto alikuwa ameshatoka nje na kikombe chake, akipuliza maziwa ya unga waliyotugawia baada ya kupimwa. Nilimwona mgongo kupitia mlangoni. Nikachomoa pini ya bluu, nikachomoa ya kijani, nikabadilisha kadi. Vidole havikutetemeka. Hilo ndilo linaloniumiza nikilikumbuka. Kisha nikafunga vifungo vya shati, nikaenda kunywa maziwa karibu naye, tukashindana nani atabaki na povu kubwa juu ya mdomo.

Hakuna aliyepasuliwa. Jioni mwalimu alipanda hadi kwetu na kadi mkononi, akakaa jikoni kwa bibi, akasema Doto asibebe mizigo, asikimbie, apumzike kila anapopanda mlima, na chumvi apewe kidogo, mpaka daktari atakaporudi. Daktari hakurudi, sijui kwa nini. Bibi alilia. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, na neno lilikuwa mdomoni, kubwa kama kiazi cha moto. Nilihofia fimbo ya mwalimu, nikalimeza. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi kulisema, na mwaka uliofuata nilikuwa karibu nimeanza kuamini kwamba kadi ilikuwa yake.

Njiani kutoka kijitoni kuna jiwe pana, limelala kwenye kona. Bibi alimwamuru Doto akae pale kila akipanda. Alikuwa akisema, kwa Kishambaa, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: kaa hapo mpaka moyo ukukute. Kana kwamba moyo ni mtoto aliyebaki nyuma njiani. Doto alikaa, na sisi wengine tulipita na ndoo na mafurushi. Watoto walimpa jina la Yai. Walisema, "Msimguse Yai, litapasuka," na yeye alicheka nao, kwa sababu asingecheka angefanya nini? Mzigo wake niliubeba mimi juu ya wangu. Kwa muda mrefu nilihesabu kwamba hiyo ndiyo adhabu yangu, na kwamba tumelipana.

Majina ya kwenda sekondari yalipotoka, tulikuwemo wote wawili. Bibi alikataa. Shule ilikuwa ya bweni, mbali, kwenye joto la chini. Nani huko angeutazama moyo wa Doto? Doto alinisindikiza hadi Soni akitembea polepole, akanipa sweta lake la kijani niende nalo, kwa sababu langu lilikuwa limetoboka. Nikalivaa.

Maisha mengine nitayapitia upesi. Mimi nilisoma, nikawa karani huko tambarare, nikala nyama za kukaanga na chumvi ya mezani, nikanywa bia, nikavuta sigara, nikitembea kifua mbele kama mtu mwenye cheti cha afya, hadi nilipostaafu nikarudi huku mlimani. Doto alijifunza cherehani. Amekaa kwenye baraza ileile miaka yote, akishona sare za shule za watoto wa wenzake. Aliteremka polepole, akapanda polepole, akakaa kwenye jiwe. Hakunywa, hakuvuta. Mkewe hata leo hupika kwa chumvi kidogo.

Sasa rudi nami zahanati. Nesi alitutazama akacheka. "Shikamooni, babu zangu. Nani ni nani hapa? Nisije nikampima mmoja mara mbili."

"Marahaba," alijibu Doto. "Mgonjwa ni mimi. Huyu mzima."

Alipima. Ya Doto aliiandika mara moja. Yangu aliipima, akaniambia nikae kimya, akapima tena, akabadilisha mkono, akapima mara ya tatu. Tabasamu likamwisha. Aliniuliza kama naona maruweruwe, kama miguu inavimba. Kisha akageukia karatasi yake ya maswali, akamuuliza Doto kama utotoni aliwahi kuambiwa ana tatizo la moyo.

"Ndiyo," alisema Doto, na akajinyoosha kidogo kama mwanafunzi anayejua jibu. "Darasa la nne. Nilikuwa na kadi nyekundu."

Nesi alianza kuandika. Nikaona kalamu inatembea, nikaelewa kwamba uongo wangu ulikuwa unaingia mahali pengine, kwenye makaratasi ya watu watakaoutumia kutibu watoto wa wengine, na kwamba baada ya hapo hakuna atakayeweza kuuchomoa kama nilivyochomoa pini.

"Binti, futa hapo," nilisema. "Ile kadi ilikuwa yangu."

Nikasimulia yote, pini na benchi na maziwa, nikitazama sakafu. Nilipomaliza, Doto aliuliza tu, "Ya kwangu haikuwa na kitu?"

"Haikuwa na kitu."

"Haya."

Nesi alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi. "Sasa babu, niandike nini?"

"Andika nilipumzishwa," alisema Doto. "Hilo ni kweli."

Nilimuuliza nesi kama ule mstari mwekundu ulikuwa ugonjwa kweli, au ulikuwa mbio zangu za asubuhi ile tu. Alisema hakuna anayeweza kujua leo. Alisema pia kwamba kama ulikuwa wa kuzaliwa, basi huenda ndugu yangu naye alizaliwa nao, na maisha yake yakamkinga, lakini watu wawili hawatoshi kumpa mtu jibu, ndiyo maana wanatafuta wengi. Nilitoka na karatasi ya dawa na kichwa kizito. Kadi ilikuwa yangu na ushauri ulikuwa wangu. Nilimpa ndugu yangu ugonjwa, na ndani ya bahasha hiyo hiyo nikampa na dawa. Je, nilimwibia au nilimlinda? Nikisema nilimlinda najiona mwongo mara ya pili. Nikisema nilimwibia, mbona ndiye mzima?

Tulipanda nyumbani. Shule ya udongo haipo, pana jengo la matofali na bati la bluu. Mapeasi ya bibi yalikatwa, mahali pake pamelimwa kabichi. Ngedere nao wamehama, sijui wamekwenda wapi. Masweta, watoto hununuliwa ya mtumba, rangi yoyote itakayopatikana. Hata Landrova ya daktari, nikimwuliza mtu wa umri wangu, anasema haikumbuki. Kilichobaki ni jiwe.

Doto alikuwa mbele. Tulipofika kwenye kona alilitazama, na mguu wake ukapunguza mwendo kwa mazoea ya miaka yote ile. Kisha akapita. Alipanda hatua kama kumi hivi, mgongo wima, haraka kuliko nilivyowahi kumwona akipanda tangu tuwe watoto.

Mimi nilishindwa. Nilikaa. Jiwe lilikuwa baridi na limelika katikati, umbo la mtu mwingine, na nilisikia mapigo masikioni kama debe la ngedere.

Alisimama kule juu, hakugeuka.

"Kaa hapo," alisema, kwa Kishambaa, kwa sauti ya bibi kabisa, "mpaka moyo ukukute."

Sijui kama alinisamehe au alinicheka. Alibaki amesimama pale, akinisubiri.