Ng'ombe wa Mahari Waliokwenda Kununua Ndege

Kaka yangu Luhende alisaidia kununua ndege ya kivita. Msicheke. Mimi Susana, dada yake, nilikuwepo, na hasira yangu haijapoa mpaka leo.

Luhende alikuwa mkulima wa pamba kijijini kwetu, nje kidogo ya Bunda, tena balozi wa nyumba kumi. Huo ubalozi ulimpendeza kupita kiasi. Tulipoambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa, alibomoa nyumba yake kabla ya wote, eti watu wajifunze. Mkewe alikufa mapema, akamlea binti yao mmoja, Justina, peke yake. Alikuwaga anamsuka nywele mwenyewe, tunamcheka, wala hajali. Haki yake nampa: alimpenda yule mtoto.

Vita ya Kagera ilipoanza, ukaitwa mkutano. Mkubwa mmoja akatueleza kwamba adui ana ndege, nasi lazima tuwe na zetu, na huko nje hawauzi ndege kwa shilingi, wanataka fedha za kigeni. Pamba yetu ndiyo inaleta hizo fedha. Sasa tutoe na ng'ombe, askari wale nyama, ili fedha iende kwenye ndege.

Mzee Nyamhanga akasimama. "Ndugu, pamba ya msimu uliopita hatujalipwa. Ndege inalipwa kabla yetu?"

"Mzee, wewe unamsemea nani?" yule mkubwa akamuuliza. Nyamhanga akakaa. Enhe, nani angesimama tena?

Luhende akapita nyumba zake kumi kuchangisha. Watu wakamwambia, "Anza wewe, balozi." Na bomani kwake walikuwemo ng'ombe wa mahari ya Justina tu. Binti alikuwa ameolewa Bukima, kwa mvuvi aitwaye Masatu, hata mwaka haujaisha. Kwetu ng'ombe hao hawaguswi mpaka binti azae. Akikimbia ndoa kabla ya hapo, wanarudi walikotoka, naye anabaki kwa baba yake salama.

Nilimshika mkono. "Kaka, hao si wako bado!"

"Susana, bomu likianguka hapa litauliza ng'ombe ni wa nani?"

Akawaswaga mwenyewe hadi Bunda, huku anaimba. Watu wakampigia makofi, wao wakatoa kuku.

Vita ikaisha, tukashinda, tukashangilia. Sabuni hakuna, sukari hakuna, pamba bado tunakopwa. Ndipo siku moja Justina, hajazaa bado, akaingia uani kwangu, jicho limefumba, mkono umevunjika. Masatu alimpiga kwa kasia.

"Shangazi," akasema, "nikirudi kule ataniua."

Wazee wa Bukima wakamfuata. Walikuwa wapole kabisa, maji walikunywa, salamu walitoa. "Tunataka mke wetu au ng'ombe zetu. Mojawapo tu, tuondoke."

Luhende akawaomba wangoje, akaenda kwa wakubwa kuomba ng'ombe, hata kwa mkopo. Yule wa mkutano alikuwa ameshahamishwa. Aliyemkuta alicheka mpaka akashika meza. "Mzee, unataka tukukatie bawa la ndege?" Akazunguka kwa majirani, lakini ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ilikuwa imemaliza mifugo kijiji kizima. Mimi mjane, sina hata mbuzi. Kama ningekuwa na kitu, ningekitoa siku ile ile.

Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Uongo! Kaka yangu alilichuma, akamwachia mtoto ale peke yake.

Justina alikuwa amekaa mlangoni kwangu baba yake aliporudi. "Baba, umewapata?"

Luhende akatazama chini. "Vumilia, mwanangu. Pamba ikilipwa nitakuja kukuchukua. Nakuapia."

Hakulia yule mtoto. Aliniomba nimfunge kanga kwa sababu mkono mmoja haufanyi kazi, kisha akafuatana na wazee wale. Nilimtukana kaka yangu matusi ambayo dada hamtukani kaka.

Pamba tukachuma, tukapeleka. Kabla haijalipwa tukaitwa Bukima kuzika.

Luhende alikataa kwenda. Alisema hana uso wa kumtazama marehemu. Nilikwenda mimi, nikamwosha kwa mikono yangu. Niliyoyaona mwilini mwake sijamwambia baba yake, na nyinyi sitawaambia.