Nani Atamuosha Mama

Mama alipohamia kwangu Bankstown alikuja na mabegi mawili na hofu moja: akifa ugenini, nani atamuosha? Waislamu wamejaa huku, lakini yeye alitaka mkono wa mtu wa kwao Unguja. Alipompata bibi wa jengo la pili, Mzanzibari wa umri wake, moyo ukatulia. Wakaahidiana kwenye kahawa yao ya Jumamosi kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Nikawatania kwamba wanapangiana zamu kama sisi wa hospitali. Hawakucheka.

Mwaka 2015 uchaguzi wa nyumbani ulifutwa na simu zikawa hazinyamazi. Wazee wale wawili wakaanza kukumbuka uchaguzi wa usichana wao, kabla ya uhuru, mitaa ilipokatika vipande viwili kwa ajili ya vyama. Ulimi hauna mfupa. Mama akasimulia bila kuulizwa.

"Duka lao hatukanyagi, harusi yao hatuli, maziko yao hatuendi. Baada ya kura, jirani yetu alifariki kwa uzazi. Mama yake akaja kupiga hodi tukamsaidie kumuosha. Nilimwona dirishani. Nikatia komeo."

"Akaoshwa na nani?" bibi aliuliza.

"Sijui."

"Hukuuliza?"

Nilitamani kumziba Mama mdomo, lakini maji yalishamwagika. Bibi aliweka kikombe chini, akavaa viatu, akaaga vizuri tu. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake. Mama alikuwa akitega sikio kila lifti iliposimama ghorofa yetu.

Januari kifua kilimbana, na daktari akaniita pembeni. Nikaenda kugonga jengo la pili. Bibi alifungua mlango kidogo, bila kutoa mnyororo.

"Bibi, hali ya Mama si nzuri. Anakuulizia."

"Namuombea."

"Na ile ahadi yenu?"

Alinitazama bila hasira. Afadhali angekasirika.

"Mwanangu, mtaani kwetu pia milango ilifungwa. Dada yangu tulimuosha mimi na mama yangu, wawili tu, nami sikuwa nimewahi kushika maiti. Mwambie mama yako atafute wa chama chake."

Nilirudi nikimchukia yeye, kisha Mama, kisha nafsi yangu. Mama aliinua kichwa kitandani.

"Amesema atakuja?"

"Atakuja, Mama."

Akatabasamu, akanyoosha mikono yote miwili. Akaniomba nimkate kucha, mwenzake asije akamkuta vile.