Siagi Kwenye Dumu la Maziwa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliposimamisha pikapu mbele ya mgahawa pale Sekei, mjini. Mwenye mgahawa akafungua dumu la maziwa, akatumbukiza upawa, ukatoka na mabonge ya siagi. Akaniambia nimeyachezea maziwa yake, niyarudishe nilikoyatoa.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mwanamke pekee aliyeendesha gari la maziwa kutoka kijijini kwetu, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Gari lilikuwa la kaka yangu Lazaro, na wanaume walishamwonya kwamba usukani si mwiko wa ugali. Nami niliupenda ule usukani kuliko chakula. Kwa hiyo shokapu moja ya nyuma, kile chuma kinachotuliza mdundo wa springi, ilipoanza kuvuja mafuta, sikumwambia kaka, nikiogopa ataninyang'anya gari. Kila alfajiri nilijipenyeza chini na kitambaa, nikaifuta ikang'aa. Akili za ujana hizo, usinicheke. Gari likipita tuta moja lilidunda mara nne, tano, nami najisemea barabara ndiyo mbaya.

Basi nikarudi nyumbani na maziwa yangu. Bibi yetu, tuliyemwita Koko, alikuwa ameketi mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika macho yakiwa kwenye dumu. Koko alisuka maziwa kwenye kibuyu kupata siagi tangu utoto wake. Akachota bonge moja, akalionja, kisha akaenda nyuma ya gari, akalikandamiza kwa mikono miwili na kuliachia. Likanesa, likanesa tena. Akapapasa chini, kidole kikarudi na mafuta.

"Siagi haijitengenezi," akasema. "Gari lako limekuwa kibuyu, na wewe ulijua."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akanikumbusha kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na kwamba nilikuwa nahatarisha shingo yangu kwenye kona za mlimani kwa kuogopa midomo ya watu.

Siku hiyohiyo nikamwendea kaka Lazaro, nikamweleza yote, hata habari ya kitambaa. Nikamkabidhi funguo, maana nilijua usukani nimeshaupoteza. Akazipokea.

"Dereva wa kunificha nitampata popote," akasema. "Wewe umekuja kuniambia." Akanirudishia funguo.

Fundi wetu wa Kwa Mrombo alikataa kubadilisha moja. Shokapu hubadilishwa mbili, alisema, kushoto na kulia, ama sivyo gari halitakaa sawa barabarani. Akafunga zote mbili mpya.

Kesho yake Koko alipanda mbele, amevaa kitenge cha kanisani. Kila tuta gari lilishuka mara moja, likatulia. Pale Sekei nilifungua dumu mwenyewe, mbele ya mwenye mgahawa. Maziwa matupu, hata punje ya siagi hamna! Koko akapiga vigelegele barabarani mpaka wapita njia wakasimama, nami nikajiona mrefu kuliko Meru. Tangu hapo sijashuka kwenye usukani, na wale wanaume, mabinti zao nimewafundisha mimi kuendesha.

Mwanangu, ukiona mafuta kwenye shokapu usiyafute. Mwambie mwenye gari, nenda kwa fundi, badilisha zote mbili. Na kosa lako, lolote lile, tangulia wewe kulisema. Heshima niliyoogopa kuipoteza, niliipata siku nilipokiri.

Mungu akutangulie kila uwashapo gari, akujalie breki zinazoshika na ulimi usioogopa kweli.